Jinsi grafu zilivyoingia katika uchumi, na maana yake kwa mkulima wa Kitale na Bungoma

KILA mwaka mahindi yanapovunwa katika kaunti za Trans Nzoia na Bungoma, bei ya gunia la kilo 90 hushuka. Miezi michache baadaye, karo ikishalipwa na ghala za wakulima wadogo zikibaki tupu, bei hiyo hupanda tena.

Wakulima wa Kitale, Kiminini, Webuye na Kimilili wanalijua jambo hili bila kufundishwa na mtu. Hata hivyo, afisa wa kilimo, benki au shirika la mikopo likitaka kulieleza, huchora mstari mmoja. Miezi huandikwa chini, shilingi huandikwa kando, na mstari wenyewe hupanda na kuteremka kulingana na bei.

Mchoro huo ndio grafu. Umezoeleka mno hata ni vigumu kusadiki kwamba kuna wakati wanauchumi hawakuutumia kabisa. Adam Smith, ambaye kitabu chake mashuhuri kuhusu utajiri wa mataifa kilichapishwa mwaka wa 1776, alijaza kurasa kadhaa kwa majedwali ya bei za ngano za karne nyingi, lakini hakuchora hata grafu moja.

Historia ya jinsi grafu zilivyoingia katika taaluma hii haiwahusu wasomi wa vyuo vikuu peke yao. Grafu za uchumi zina jamii mbili. Ipo grafu ya hesabu, inayoonyesha mambo yaliyokwisha kutokea na kuhesabiwa. Ipo pia grafu ya fikira, inayoonyesha jinsi mambo yanavyodhaniwa kwenda endapo masharti fulani yatatimia.

Jamii hizi mbili zilizaliwa mahali tofauti, kwa sababu tofauti, na kwa muda mrefu hazikujuana. Machoni zinafanana kama pacha. Anayezichanganya aweza kuuza mavuno yake wakati usiofaa, au kushangilia sera itakayomuumiza.

MCHORAJI WA MITAMBO

Grafu ya hesabu ilianza na Mskoti aitwaye William Playfair, aliyezaliwa mwaka wa 1759. Playfair hakuwa mwanauchumi kwa mafunzo. Aliajiriwa kama mchoraji wa mitambo na James Watt, mhandisi aliyesifika kwa kuboresha injini ya mvuke. Kabla ya hapo, kaka yake John, aliyekuwa mtaalamu wa hisabati, alikuwa amemzoesha kuandika vipimo vya joto la kila siku kwa njia ya mchoro.

Mwaka wa 1786, akiwa London, Playfair alichapisha atlasi ya biashara na siasa. Ingawa iliitwa atlasi, haikuwa na ramani. Ilikuwa na michoro 44, na karibu yote ilionyesha bidhaa zilizoingia na kutoka Uingereza mwaka baada ya mwaka. Mstari mmoja ulikuwa wa bidhaa zilizonunuliwa nje, mwingine wa zilizouzwa nje, na nafasi iliyo kati ya mistari hiyo ilimwonyesha msomaji faida au hasara ya taifa kwa mtazamo mmoja.

Playfair alitetea uvumbuzi wake kwa mfano ambao mchuuzi yeyote wa sokoni angeuelewa. Alisema, kwa maana, kwamba mfanyabiashara akipanga sarafu zake za dhahabu kila jioni katika rundo moja, na kila rundo likawekwa kando ya la jana, baada ya muda ataona kwa macho jinsi biashara yake inavyokua au kudidimia. Grafu ni marundo hayo yakiwa juu ya karatasi.

Mchoro mmoja tu katika kitabu hicho ulikuwa wa namna nyingine. Playfair hakuwa na takwimu za miaka mingi za biashara ya Uskoti. Alikuwa na za mwaka mmoja tu. Kwa hivyo alichora nguzo badala ya mstari, kila nchi iliyofanya biashara na Uskoti ikipewa nguzo zake. Chati ya nguzo, ambayo leo hujaza ripoti za serikali na kurasa za magazeti, ilizaliwa kutokana na upungufu wa takwimu. Mwaka wa 1801 alichapisha pia chati duara, ile iliyokatwa vipande kama chapati.

Mchoro wake unaomhusu zaidi mkulima ulitokea mwaka wa 1821, miaka miwili kabla ya kufa kwake. Wakati huo wakulima wa Uingereza walikuwa wakilia juu ya bei. Playfair alichora bei ya ngano tangu 1565 hadi 1821 kwa nguzo, na juu ya karatasi hiyohiyo akachora mshahara wa wiki wa fundi hodari kwa mstari.

Nia yake ilikuwa kuonyesha kwamba ngano haikuwahi kuwa rahisi, ikilinganishwa na mshahara, kama ilivyokuwa katika siku zake. Lakini mchoro wenyewe haukusema hivyo waziwazi. Jicho la mtazamaji huvutwa na nguzo za bei zilizorefuka, wala halioni uwiano wa bei na mshahara, kwa kuwa uwiano huo haukuchorwa. Tangu mwanzo, basi, grafu ilikuwa na uwezo wa kufumbua macho na pia uwezo wa kuyapeleka kando.

MISTARI YA FIKIRA

Waingereza hawakumjali sana Playfair. Ilipita miongo mingi kabla ya William Stanley Jevons, mwaka wa 1862, kuchapisha michoro mikubwa ya hesabu za Benki Kuu ya Uingereza na bei za masoko ya fedha. Wakati huo, hata hivyo, jamii ya pili ya grafu ilikuwa imekwisha kuzaliwa ng'ambo ya bahari, nchini Ufaransa.

Mwaka wa 1838, mwanahisabati Antoine Augustin Cournot alichapisha kitabu kuhusu kanuni za kihisabati za utajiri. Ndani yake alichora mstari ulioonyesha kwamba bei ya bidhaa ikipanda, kiasi kinachonunuliwa hupungua. Mstari huo haukutokana na takwimu za soko lolote. Cournot aliuchora kutokana na hoja: akili inasema ndivyo inavyopaswa kuwa, na mkono ukachora.

Kitabu hicho hakikupata wasomaji. Robo karne baadaye, mwaka wa 1863, Cournot alilazimika kuandika kingine juu ya mada hiyohiyo, safari hii bila hisabati.

Wengine walimfuata bila kujuana. Mjerumani Karl Heinrich Rau alichora mistari ya mahitaji na ugavi mwaka wa 1841. Mhandisi Mfaransa Jules Dupuit alitumia mstari kama huo mwaka wa 1844 akijaribu kujua umma hupata manufaa gani daraja linapojengwa. Mwaka wa 1870 mhandisi mwingine, Fleeming Jenkin wa Edinburgh, aliyeshughulika na nyaya za telegrafu za chini ya bahari, alichora mahitaji na ugavi kwa Kiingereza.

Aliyeusambaza mchoro huo duniani ni Alfred Marshall wa Cambridge, katika kitabu chake cha mwaka wa 1890. Marshall aliweka bei kwenye mhimili wa wima na kiasi kwenye mhimili wa ulalo, na hadi leo wanafunzi wa uchumi kote duniani, wakiwamo wa vyuo vya Kenya, huchora hivyo. Cournot alikuwa ameweka bei chini, kwenye mhimili wa ulalo.

Jambo la kuzingatia ni mahali Marshall alipoiweka michoro yake. Aliishusha kwenye tanbihi, chini ya ukurasa, ili hoja iweze kusomwa na kueleweka bila michoro. Kwake grafu ilikuwa msaada wa kufikiri. Haikuwa ushahidi. Waliomfuata waliipandisha hadi katikati ya ukurasa, na wengi wakasahau tofauti hiyo.

MAHINDI YAKUTANISHA JAMII MBILI

Mwanzoni mwa karne ya 20, wanauchumi wa Marekani walijaribu kuziunganisha jamii hizo mbili. Walitaka kuuchora ule mstari wa Cournot na Marshall kwa kutumia takwimu halisi za masoko. Zao mojawapo walilolitumia ni mahindi.

Mwaka wa 1914 Henry Ludwell Moore wa Chuo Kikuu cha Columbia alikusanya takwimu za mvua, mavuno na bei za miaka mingi. Kwa mahindi, nyasi kavu za mifugo, shayiri na viazi, mistari yake iliteremka kama nadharia ilivyotabiri: mavuno yakiwa makubwa, bei ilikuwa ndogo. Lakini alipofanya vivyo hivyo kwa chuma, mstari ulipanda. Ilionekana kana kwamba watu hununua chuma kingi zaidi kadiri kinavyozidi kuwa ghali.

Wenzake walishangaa. Maelezo yalikuja mwaka wa 1927, Elmer Working alipoandika makala akiuliza grafu za aina hiyo huonyesha nini hasa. Jibu lake lafaa kuelezwa kwa mfano wa karibu.

Chukua soko la Kitale. Kila nukta kwenye grafu ni msimu mmoja, yaani bei na kiasi kilichouzwa. Ikiwa walaji wanahitaji unga uleule kila mwaka, na kinachobadilika ni mvua tu, basi nukta zitajipanga kwenye mstari unaoteremka, na mstari huo utakuwa wa mahitaji. Lakini ikiwa mavuno ya Kitale hayabadiliki sana, na kinachobadilika ni wanunuzi, kwa mfano ukame umepiga mashariki mwa nchi na malori yanafurika kutafuta mahindi, basi nukta zitapanda na mstari utakuwa wa ugavi.

Mambo yote mawili yakibadilika pamoja, kama ilivyo aghalabu, nukta hazitakuwa mstari wa mahitaji wala wa ugavi. Chuma cha Moore kilikuwa hivyo: viwanda viliposhamiri, mahitaji yaliongezeka, na bei ikapanda pamoja na mauzo.

Masoko ya magharibi mwa Kenya hayajawahi kuwa na jambo moja linalobadilika. Mahindi ya Uganda huingia kupitia Suam, Lwakhakha na Malaba. Machi 2021 serikali ya Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache ikaondoa marufuku hiyo na kuweka masharti. Mwezi kama huo una nukta yake kwenye grafu, lakini nukta haisemi ni nani aliyeisukuma.

Kadhalika bei za serikali. Mwaka wa 2017 Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao, NCPB, ilinunua gunia kwa Sh3,200. Baada ya mavuno ya 2018 serikali ilitangaza Sh2,300, na kufuatia malalamiko ya wakulima ikaipandisha hadi Sh2,500 mapema mwaka wa 2019. Ukiziunganisha nukta hizo tatu utapata mstari, lakini hautakuwa mstari wa soko. Ni kumbukumbu ya maamuzi. Aliyemuuzia dalali langoni kwa kukosa nafasi kwenye foleni ya NCPB hayumo ndani yake.

HERUFI S YA KITALE

Grafu nyingine iliyozaliwa shambani ina umbo la herufi S iliyonyoshwa. Mwaka wa 1957 Zvi Griliches, kijana aliyezaliwa Lithuania na kunusurika kambi za Wanazi, alichapisha utafiti wake kuhusu kuenea kwa mahindi ya haibridi nchini Marekani. Kwa kila jimbo alichora asilimia ya ekari zilizopandwa mbegu hizo mwaka baada ya mwaka.

Mistari yote ilianza polepole, ikapanda kwa kasi, kisha ikatulia. Katika jimbo la Iowa, mbegu hizo zilitoka asilimia 10 ya ekari hadi asilimia 90 kwa miaka minne hivi. Alabama ilianza nyuma sana.

Wengi walidhani kuchelewa huko ni uzito wa wakulima wa kusini kupokea mambo mapya. Griliches aliitazama mistari hiyo na kuuliza maswali mawili tofauti: mstari ulianza lini, na ulipanda kwa kasi gani? Mwanzo, alieleza, ulitegemea kampuni za mbegu, ambazo zilikwenda kwanza mahali penye faida na kuchelewa kutayarisha mbegu za sehemu nyingine. Kasi ndiyo iliyotegemea wakulima, nao walifuata faida waliyoiona. Mkulima wa Alabama hakuwa mvivu. Mbegu inayomfaa haikuwa imetengenezwa.

Hoja hiyo ilipata mtihani wake Kitale. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa mjini humo mwaka wa 1956. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mtafiti Michael Harrison alikuwa ameanza kazi ya kuzalisha mahindi bora katika kituo cha utafiti cha Kitale, ambacho sasa kiko chini ya KALRO. Harrison alikwenda Amerika ya Kusini na ya Kati kutafuta mbegu za kuchanganya na mahindi ya Kitale. Mbegu moja aliyoipata, Ecuador 573, iliunganishwa na Kitale Synthetic II, na mwaka wa 1964 wakulima wakapewa haibridi iliyoitwa H611.

Enzi hizo kulikuwa na dhana iliyoenea kwamba mkulima mdogo wa Kiafrika hubadilika kwa shida. Mmarekani John Gerhart alichunguza kuenea kwa haibridi magharibi mwa Kenya, na ripoti yake ikachapishwa mwaka wa 1975 na CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano kilichoko Mexico. Matokeo yake yaliivunja dhana hiyo. Katika sehemu ambazo mbegu hizo zilifaa, wakulima wadogo wa Kenya walizipokea kwa kasi iliyolingana na ya wakulima wa Marekani wa miaka ya 1930 na 1940, au hata kuipita.

Kasi haikuwa sawa kila mahali. Nyanda za juu zenye mvua ya kutosha zilitangulia, ilhali sehemu za chini na zenye mvua haba, ambako haibridi za Kitale hazikustawi vizuri, zilibaki nyuma. Ilikuwa Iowa na Alabama tena, kati ya milima na ziwa.

Hapa grafu ilimtendea mkulima haki. Bila mistari hiyo kuwekwa kando kwa kando, hadithi ya mkulima mzito ingeendelea kusimuliwa, na lawama ingebaki kwake badala ya kuelekezwa kwa asiyemletea mbegu inayofaa.

Lakini hata herufi S ina siri zake. Mwaka wa 2011 mwanauchumi Tavneet Suri alichapisha utafiti uliotumia kumbukumbu za kaya za wakulima zilizokusanywa nchini na Taasisi ya Tegemeo ya Chuo Kikuu cha Egerton kati ya miaka ya tisini na 2004. Kwa jumla, sehemu ya wakulima waliotumia haibridi ilikuwa karibu ileile mwaka hadi mwaka. Anayetazama mstari huo angesema hakuna kinachotendeka.

Kumbe chini ya mstari huo uliotulia watu walikuwa wakiingia na kutoka. Aliyepanda haibridi msimu mmoja aliiacha mwingine, na mahali pake pakachukuliwa na jirani. Suri aligundua pia kwamba baadhi ya wale ambao wangefaidika mno na mbegu hizo hawakuzipanda, kwa kuwa gharama ya kuzifikia ilikuwa kubwa kutokana na umbali na ubovu wa njia. Wastani ulikuwa umewafunika.

BUNGOMA NA MSTARI WA BEI

Turudi kwenye ule mstari wa bei unaoshuka wakati wa mavuno. Ukiutazama, swali la kwanza linalokujia ni hili: ikiwa bei hupanda kila mwaka baada ya miezi michache, kwa nini mkulima asingoje?

Swali hilo lilifanyiwa utafiti katika sehemu za Webuye, Bungoma, na Matete iliyo jirani, katika misimu miwili kati ya 2012 na 2014. Watafiti Marshall Burke, Lauren Falcao Bergquist na Edward Miguel walishirikiana na One Acre Fund, shirika lililoanza kazi zake Bungoma mwaka wa 2006. Waliona kwamba bei za mahindi katika eneo hilo kwa kawaida hupanda kwa asilimia 25 hadi 40 kutoka mavuno hadi miezi ya uhaba. Hata hivyo, wakulima wengi waliuza mahindi yakiwa rahisi na kuyanunua tena yakiwa ghali.

Sababu haikuwa kutojua. Karo za Januari hazingoji. Deni la duka la pembejeo halingoji, wala mgonjwa. Mkulima asiyeweza kukopa kwingine hukopa kutoka ghala lake mwenyewe, na riba anayolipa ni tofauti ya bei.

Wakulima waliochaguliwa kwa kura walipewa mkopo baada ya mavuno, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa dhamana. Waliuza machache mwanzoni na mengi baadaye, na kipato chao kikaongezeka. Kufikia hapo, grafu ya bei ilikuwa imesema kweli.

Funzo kubwa zaidi lilikuja watafiti walipolinganisha maeneo yenye wakopaji wengi na yenye wachache. Mahali wakopaji walipokuwa wengi, mahindi yaliyofika sokoni wakati wa mavuno yalipungua, na bei ya wakati huo ikapanda. Miezi ya uhaba ilipofika, mahindi yalikuwapo kwa wingi zaidi, na bei haikupaa kama kawaida. Bonde na kilima cha mstari vilisogeleana.

Kwa sababu hiyo, faida ya kila mkopaji katika maeneo hayo ilikuwa ndogo kuliko ya mkopaji aliyekuwa karibu peke yake. Lakini majirani ambao hawakukopa walinufaika, kwa kuwa bei ilikuwa imetulia zaidi kwa muuzaji na kwa mnunuzi.

Katika tukio hili moja, jamii mbili za grafu zilikutana. Mstari wa Playfair, wa bei zilizohesabiwa mwezi kwa mwezi, ulionyesha faida inayongojewa. Mstari wa Cournot na Marshall, wa fikira, ulieleza kwa nini faida hiyo itapungua watu wengi wakiikimbilia kwa pamoja. Aliyekuwa na wa kwanza bila wa pili angeahidi kila mkulima utajiri ambao hauwezi kuwafikia wote kwa kiwango kilekile. Aliyekuwa na wa pili bila wa kwanza asingejua kama tofauti ya bei ni asilimia 5 au 40.

NAMNA YA KUISOMA

Mkulima, kiongozi wa chama cha ushirika au diwani anayeonyeshwa grafu hahitaji shahada ili aihoji. La kwanza la kuuliza ni hili: mstari huu ulihesabiwa au ulidhaniwa? Ikiwa ulihesabiwa, ni bei ya wapi na ya nani, ya NCPB, ya soko la mjini, au ya langoni kwa mkulima? Ikiwa ulidhaniwa, ni masharti gani lazima yatimie ili uwe kweli?

La pili ni mahali mhimili wa wima unapoanzia. Bei ikitoka Sh3,000 hadi Sh3,300, imepanda kwa sehemu moja ya kumi. Mhimili ukianzia sifuri, mstari utaonekana kuinuka kidogo tu. Mhimili huohuo ukianzia Sh2,900, ncha ya mwisho itakuwa juu mara nne ya ya kwanza. Namba hazikubadilika, kilichobadilika ni karatasi.

La tatu ni kosa lilelile la mchoro wa Playfair wa 1821, yaani bei kuchorwa bila uwiano wake. Gunia la Sh3,000 wakati mfuko wa mbolea ni Sh3,000 hununua mfuko mmoja. Gunia la Sh4,000 wakati mfuko ni Sh6,000 hununua theluthi mbili za mfuko. Grafu ya bei ya mahindi itapanda, na mkulima atakuwa amefukarika. Mfano huu haukutolewa hewani: mwaka wa 2022 mfuko wa kilo 50 wa DAP ulipita Sh6,000 madukani, kabla ya serikali kuleta mbolea ya ruzuku ya Sh3,500 mwezi wa Septemba.

La nne ni nani amefunikwa na wastani. Mwenye ekari 200 karibu na Kitale ana kikaushio, ghala na lori. Mwenye nusu ekari Bungoma hupima mahindi yake kwa gorogoro, na mwezi wa Mei huwa ni mnunuzi, si muuzaji. Bei ikipanda, mstari mmoja huwahesabu wote wawili kuwa wakulima, ilhali mmoja anacheka na mwingine analala njaa.

Fauka ya hayo, kungoja kuna gharama ambazo mstari wa bei hauzibebi. Fukusi na dumuzi hula ghalani, mahindi yasiyokauka vizuri huota kuvu, na mwizi naye hufanya hesabu zake. Tofauti ya bei ikishatolewa hasara hizo ndipo faida ya kweli hupatikana.

Playfair alikufa maskini mwaka wa 1823, na Cournot aliona kitabu chake kikipuuzwa. Leo michoro yao huamua mikopo, bei za serikali na mahali mbegu zitakapopelekwa. Michoro hiyo haikukusudiwa iaminiwe kwa sababu ya kupendeza kwake. Ilibuniwa ili jambo lililojificha ndani ya jedwali au ndani ya hoja lionekane na lijadiliwe. Anayeujua msimu wa Kitale na wa Bungoma kwa jembe lake ana haki ya kuingia katika mjadala huo, na grafu haijakamilika mpaka aulizwe kama mstari wake unafanana na anayoyaona shambani.